Uzi: Dadu isiamue kama mtu atakubali, iamue atakubali kwa bei gani

#1 Jiwe Juu ya Jiwe (mtoa mada)

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu ni wa sisi tunaocheza michezo ya simulizi ya mezani, ile ya karatasi, penseli na dadu, ambapo mmoja ni msimulizi na waliobaki kila mtu ana mhusika wake. Kama hujawahi kucheza, kaa usome, utaelewa njiani.

Sisi ni kikundi kidogo hapa Mwanza, tunakutana Jumapili mchana kwenye baraza moja huku Pasiansi. Dadu za pande ishirini madukani hatukuzipata, kwa hiyo tulichukua vizibo ishirini vya soda kama vile vya drafti, tukaviandika namba, tukavitia kwenye mfuko wa kitambaa. Unaingiza mkono, unatoa kimoja, unasoma, unakirudisha. Mambo yanaenda.

Kinachotugombanisha si mapigano. Mapigano yana kanuni, kila mtu anazijua. Kinachotugombanisha ni stadi za maneno: kushawishi, kulaghai, kutisha.

Niwape tukio moja. Wahusika wetu walitakiwa kuvuka kwenda kisiwani usiku, na mwenye mtumbwi hataki. Mezani tuna jamaa ambaye riziki yake ni udalali wa dagaa pale mwaloni Kirumba, maneno ndiyo mtaji wake. Mhusika wake ni shujaa wa rungu, haiba 6, yaani kwenye karatasi ni mtu ambaye hata salamu anaitoa kwa shida. Lakini jamaa akainuka kwenye kiti, akamwita msimulizi "mzee wangu", akauliza hali ya nyavu, akatia na kautani ka Kisukuma. Msimulizi akacheka, akasema haya pandeni. Mfuko wa vizibo haukuguswa.

Sasa pembeni yake yupo dada anayecheza manju, mwimbaji wa ngoma, haiba 18. Nguvu zote za mhusika wake amezimwaga hapo. Upanga hajui, mlango havunji. Yeye ndiye aliyetangulia kusema, "Namshawishi atuvushe." Msimulizi akamwambia, "Sema sasa, unamwambiaje?" Dada akaangalia karatasi yake, akageuza penseli mara mbili, akasema kwa sauti ya chini, "Namwambia... tunaomba." Akajibiwa: hapo hujashawishi mtu.

Mwenye rungu alipovunja mlango wa ghala wiki iliyotangulia, hakuna aliyemwambia ainuke avunje mlango wa baraza tuone. Kwa nini mwenye ulimi kwenye karatasi adaiwe ulimi wa kweli?

Najua jibu la haraka: basi acha maneno, toa kizibo, namba iseme. Hiyo njia wenzetu walishaipita na inajulikana ilikofika. Toleo la tatu la Dungeons & Dragons, mchezo maarufu kuliko yote ya aina hii, la mwaka 2000, lilikuwa na stadi ya diplomasia na jedwali la namba zisizobadilika. Adui yako, ukifikisha 25 anakuwa hana upande. Ukifikisha 35 ni rafiki. Ukifikisha 50 anakuwa mtu wa kukusaidia kwa moyo wote. Jedwali halikuuliza unaongea na nani. Awe mlinzi wa geti, awe mfalme ambaye mmetoka kumchomea ghala, 50 ni 50. Watu wakapiga hesabu, wakarundika nyongeza juu ya nyongeza (zile namba za mhusika zinazojumlishwa kwenye dadu), na yule adui mkuu wa kisa kizima akawa anageuzwa ndugu kwa maongezi ya dakika moja. Rich Burlew, mchoraji wa vibonzo vya Order of the Stick, aliandika kanuni mbadala kwa sababu hiyohiyo: namba ya kuvuka ikategemea unayeongea naye ni mzito kiasi gani, mna uhusiano gani, na dili lenyewe lina faida au hasara kwake. Dili lenyewe! Mtu hakubali ushawishi hewani, anakubali jambo fulani.

Ukirudi nyuma zaidi unakuta kitu ambacho mimi nakiona kina akili kuliko vilivyofuata. Mchezo ulipotoka mwaka 1974, wa Gary Gygax na Dave Arneson, haukuwa na stadi ya kushawishi. Ulikuwa na dadu mbili za pande sita, zinarushwa mnapokutana na kiumbe msichokijua, kuona amewapokeaje. Toleo dogo la mwaka 1981 liliweka wazi: 2 anashambulia papo hapo, 3 hadi 5 ana uadui, 6 hadi 8 hajaamua, 9 hadi 11 hashambulii, anaondoka zake au anasikiliza mnachotaka kumpa, 12 amewapenda. Piga hesabu: katika michanganyo 36 ya dadu mbili, 16 zinaangukia kwenye "hajaamua". Mara nyingi kuliko kitu kingine chochote, mtu uliyekutana naye anasubiri kuona utakuja na nini. Na dadu inarushwa mlangoni, kabla ya mazungumzo. Baada ya hapo ni kazi yenu. Dadu za ludo zipo kila duka, kwa hiyo hata vizibo huhitaji.

Msimamo wangu basi. Tangu nilipokabidhiwa usimulizi, kabla mtu yeyote hajafungua mdomo najiuliza kuhusu yule anayeombwa: anataka nini, anaogopa nini, na kitu gani hatakitoa hata umlilie. Naandika kwa maneno machache pembeni ya daftari. Mchezaji akitaka kushawishi, simwambii "igiza". Namuuliza unashika wapi? Anaweza kujibu kwa sauti ya mhusika, anaweza kujibu kama anayesimulia, sijali. "Namkumbusha kwamba nyavu zake bado zina deni." Sentensi hiyo imetosha, hata ikisemwa kwa kunong'ona.

Kama hoja imegusa anachotaka, na haijagonga kile asichotoa, atakubali. Hapo ndipo natoa mfuko. Kizibo hakiamui ndiyo au hapana. Kinaamua bei.

Yule mwenye mtumbwi tulimrudia. Manju akasema anamwendea mke wake kwanza kule jikoni, anamwimbia mtoto, anauliza habari za nyumba. Akajua deni la nyavu. Akarudi kwa mume na pendekezo: tunalipa nusu ya deni, unatuvusha. Akatoa kizibo: 9. Na nyongeza zake ikawa 14. Si mbaya, si ya kutamba. Mzee akakubali, ila akataka ngao ya shujaa ibaki kwake kama rehani mpaka warudi, na mtoto wake mkubwa aende nao ahakikishe mtumbwi unarudi. Angepata namba kubwa, nusu ya deni ingetosha. Angepata ndogo kabisa, mzee angevusha, kisha asubuhi habari ingekuwa imeshafika kwa maadui zao, maana na yeye ana watoto wa kulisha.

Yule mwenye rungu akabaki anaangalia ngao yake inaondoka.

Nawasilisha. Waliobobea karibuni mnikosoe.

#2 Mtoro wa Igoma

Naweka kambi hapa. Swali la pembeni: nikimtolea kizibo mama mwenye nyumba, nikapata 20, kodi ya mwezi huu inakuwaje?

#3 Ngosha Mbishi

Mkuu mtoa mada, umeandika vizuri lakini mimi nakataa.

Nikiweka alama zangu kwenye upanga, nikapata namba, adui anakufa. Hakuna anayeniambia "amekufa, ila kwa bei". Nikiweka alama hizohizo kwenye ushawishi, nikapata namba, wewe unaniletea rehani, sijui mtoto mkubwa, sijui nusu ya deni. Mimi nimelipa mara mbili: nimelipa wakati natengeneza mhusika, nalipa tena mezani. Huo si uonevu?

Halafu ile "asichotoa hata umlilie". Hiyo ni siri ya msimulizi. Msimulizi akiwa na roho mbaya, kila mtu ana asichotoa, na mwisho wa siku kila kitu ni hapana. Dadu angalau haina upendeleo. 20 tupu, ile inayosomeka kwenye dadu yenyewe kabla ya nyongeza, ni 20 tupu.

#4 Jiwe Juu ya Jiwe

@Ngosha Mbishi nianze na 20 tupu. Kwa kanuni za toleo la tano la Dungeons & Dragons, la mwaka 2014, 20 tupu inagonga moja kwa moja kwenye shambulio. Kwenye kushawishi haina maajabu, ni ishirini kujumlisha nyongeza zako basi. Hiyo ya "20, kwa hiyo mfalme ananipa kiti chake" ni mazoea ya mezani. Na kitabu cha msimulizi cha toleo hilo kina jedwali ambalo wengi wanaliruka: mwenye uadui na wewe, hata ukifikisha 20, atafanya ulichoomba ikiwa tu hakuna hatari wala hasara kwake. Juu ya hapo jedwali halina kitu. Kwa hiyo mpaka upo hata kwenye kitabu, sijautunga mimi.

Kuhusu upanga: huyo adui hajakaa tu umkate. Ana ngao, ana uhai wa namba kadhaa, anakurudishia, na lazima umfikie kwanza. Ukimaliza pambano mwenyewe umepungua. Bei umelipa, ila imeandikwa kwa majeraha. Mimi nataka mdomo nao uwe na kitu cha kupita katikati kabla ya kugonga.

Roho mbaya ya msimulizi, hapo nakubaliana nawe, ni tatizo la kweli. Dawa yangu ni kwamba asichotoa kinaweza kugundulika. Mke anajua, jirani anajua, mlevi wa kilabuni anajua. Wachezaji wakiuliza vizuri nawaambia wazi kabla hawajapoteza kizibo: huyu mwenye mtumbwi hapiti karibu na lile jiwe usiku, kaka yake alizama pale. Wakijua hilo wanatafuta njia ya kuzunguka.

#5 Dalali Mstaafu

Nimetajwa bila kutajwa humu, mimi si yule wa Pasiansi lakini kazi ni hiyohiyo. Niwaambie kitu kuhusu maneno matamu.

Watu wanadhani dalali anaishi kwa mdomo. Mdomo ni wa kufungulia tu. Mnunuzi wa mbali anafika mwaloni, anapitisha mkono ndani ya gunia la dagaa mpaka chini, anatoa konzi, anaipuliza aone mchanga, ananusa, anavunja mmoja katikati. Masika ndiyo usiseme, dagaa hawakauki, wanabadilika rangi, ukimwambia ni wa jua anakucheka. Hapo uimbe, ucheze, bei inashuka. Lakini nikijua lori lake linaondoka leo saa kumi na mbili na bado halijajaa, sihitaji hata kuongea. Nakaa kwenye benchi langu nakunywa chai. Atarudi.

Kwa hiyo mtoa mada yuko sahihi kuuliza "unashika wapi". Ila naongeza: namba ya stadi iwe inatumika kujua, si kusema. Mwenye ushawishi mkubwa, msimulizi amwambie bure kitu kimoja kuhusu yule mtu kabla hajaanza. "Unamwona anaangalia sana jua, ana haraka." Yule dada wa manju angepewa hicho kimoja asingekwama na penseli yake. Akishajua pa kushika, hata kwa maneno matatu atashika.

Na yule mwenzangu mwenye haiba 6 asipewe. Aongee atakavyo, lakini anaongea gizani.

#6 Mtoro wa Igoma

Mzee hapo umepiga mulemule. Mwenye nyumba wangu anaangalia sana jua kuanzia tarehe 28.

#7 Jiwe Juu ya Jiwe

@Dalali Mstaafu hii naichukua kama ilivyo. Haiba 16 na kuendelea: kitu kimoja bure. Inamaliza kesi ya mkimya na kesi ya msemaji kwa mpigo mmoja, na msemaji hanyang'anywi raha yake ya kuigiza.

#8 Binti wa Kamanga

Mnazungumza habari za wenye mitumbwi na mabaunsa wa geti, watu wa msimulizi. Mbona hamgusi wachezaji kwa wachezaji?

Niliwahi kukaa kwenye meza moja, si ya Mwanza. Kaka mmoja akatangaza mhusika wake anamshawishi mhusika wangu ampe pete iliyoachwa na mama yake, pete ambayo ndiyo sababu yangu ya kuwa safarini. Nikasema hatoi. Akatoa dadu. 19. Meza nzima ikaniangalia: "Kanuni ni kanuni, mpe." Kwanza kanuni hiyo haikuwepo, toleo la tatu lilisema wazi jedwali lile la diplomasia halitumiki kwa wahusika wa wachezaji. Pili, mimi nina kitu kimoja tu mezani ambacho ni changu, uamuzi wa mhusika wangu. Ukinitolea dadu ukaninyang'anya hicho, mimi nimekuja kufanya nini? Nilichukua mkoba wangu nikaondoka, na hawakunishawishi kurudi.

Wapo waliolifikiria hili vizuri. Apocalypse World, mchezo mwingine wa simulizi wa mwaka 2010, inakuhitaji uwe na kitu cha kumshika nacho mtu kabla hujarusha, huwezi kumshawishi kwa urembo wa sentensi. Akiwa ni mtu wa msimulizi, ukipata, anakutaka ahadi kwanza. Ukipata namba ya katikati, anataka uhakika sasa hivi. Yaani ile rehani ya ngao ya mtoa mada. Lakini akiwa mhusika wa mchezaji mwenzako, mambo yanabadilika: ukipata vizuri, akikubali anapata alama ya uzoefu, akikataa anakuwa amejiingiza kwenye hatari, na inabidi yeye mwenyewe arushe dadu. Uamuzi bado ni wake. Umemwekea sukari upande mmoja na pilipili upande wa pili, achague.

Na kutisha ni hivyohivyo. Mhusika wangu anaogopa nikisema mimi anaogopa.

#9 Ngosha Mbishi

Dada hapo sina ubishi. Hiyo ya pete ni uhuni.

Lakini basi mbona msimulizi yeye anaweza kutoa dadu mtu wake atudanganye na sisi tunalazimika kuamini? Anasema "umeona anasema kweli" wakati mimi mwenyewe hapa nilipokaa najua ni mwongo, namjua kwa macho.

#10 Jiwe Juu ya Jiwe

@Binti wa Kamanga kwangu imepita bila kupingwa: mchezaji kwa mchezaji hakuna kizibo, kuna ofa tu.

@Ngosha Mbishi hakuna kulazimishwa kuamini. Ukishindwa kung'amua, nakwambia "huoni dalili ya uongo usoni kwake". Hiyo ni habari ya usoni kwake, ya moyoni mwako baki nayo. Ukitaka kumfunga kamba mfunge, ila ujue huna ushahidi mbele ya wazee wa kijiji.

#11 Fundi wa Buzuruga

Nimesoma uzi wote. Mimi naona mnasahau majadiliano marefu. Kushawishi mtu akuvushe ni dakika tano. Je, kikao cha mahari? Baraza la wazee? Huko pande zote mbili zinashawishi, na kizibo kimoja hakitoshi.

Sisi tulitumia njia ya Burning Wheel, mchezo wa Luke Crane. Kabla ya kuanza kila upande unatamka unachotaka, kwa sauti, wote wasikie. Kisha kila upande una namba yake ya hoja, inayopungua kila unapopigwa jibu zuri. Wa kwanza kufika sifuri ameshindwa. Utamu upo hapa: mshindi naye akiwa amepungua, anadaiwa kuachia kitu. Alivyopungua sana ndivyo anavyoachia kikubwa.

Tulicheza posa. Mshenga wetu ametumwa na mhusika ambaye ni mwindaji hohehahe. Upande wa binti wanataka ng'ombe thelathini na kijana ahamie kwao. Upande wetu tunataka binti aje na ng'ombe wasizidi kumi. Tulianza na salamu tu, mwangaluka nyingi kweli, na shangazi akatupiga hoja ya kwanza kabla hatujakaa: "Kijana mwenyewe yuko wapi, au mmemwacha anachuna ngozi?" Tulishinda, lakini tukiwa tumebaki na namba mbili tu. Kwa hiyo binti alikuja, na tukaachia: ng'ombe kumi na nane, na kila msimu wa mavuno mwindaji akafanye kazi kwa baba mkwe. Mpaka leo kila tukipanga safari msimulizi anauliza, "Ni mavuno sasa, mwindaji yuko wapi?"

Hiyo bei ya mtoa mada, sisi ilitupa visa vitatu zaidi bila msimulizi kutunga chochote.

#12 Ngosha Mbishi

Sawa, bei naanza kuielewa. Swali langu la mwisho, maana hili hamjaligusa: kulaghai. Mtu niliyemdanganya hana bei ya kunitajia, hajui kama amedanganywa. Nimemwambia mlinzi mimi ni karani wa forodha, nimepata kizibo kizuri. Anipe bei gani?

#13 Jiwe Juu ya Jiwe

Mkuu, kwa uongo kizibo kinapima muda. Hoja iwe inaaminika kwanza. Huwezi kuwa karani wa forodha na umevaa ngozi ya chui na damu kiatuni. Ikiaminika unapita. Namba ndogo, uongo unadumu mpaka mlinzi anabadilishana zamu na mwenzake anauliza "karani yupi?" Namba ya kati, mpaka kesho karani wa kweli akija kazini. Namba kubwa, mpaka mtu aliyetumwa makusudi aje kuchunguza. Naandika kwenye daftari siku yake. Sikwambii imeandikwa siku gani.

#14 Ngosha Mbishi

Hiyo ya muda naichukua, ya bei naijaribu Jumapili hii na kundi langu. Kwenye 20 tupu sijahama. Mtu akitoa 20 tupu, meza ikapiga kelele, halafu msimulizi aseme "ila kwanza tuongelee rehani", atakuwa ameua mchezo.

#15 Dalali Mstaafu

Kwenye 20 tupu mwachie, mtoa mada. Siku ambayo lori limejaa lenyewe na mnunuzi hakugusa hata gunia, huwa nachukua hela nanyamaza.

#16 Jiwe Juu ya Jiwe

Haya, 20 tupu haina rehani. Ila asichotoa hata umlilie bado hatoi, @Ngosha Mbishi. Ukitoa 20 kwa yule mzee atakuvusha bure, na bado atalizunguka lile jiwe.